Mabano Yaliyoachwa Wazi

Katika banda la wachongaji alikofanya kazi baba yangu, hatua chache kutoka nyumbani kwetu Shauri Moyo, kila mwanamume alikuwa na mnyama wake. Baba alichonga twiga. Jirani yake wa kulia alichonga kifaru, na wa kushoto, ambaye hakuwa na subira na mambo ya miguu, alichonga kiboko. Palikuwa na mmoja aliyechonga vijiko vya saladi tu, naye alitaniwa kila siku kwamba mnyama wake alikufa zamani akaacha mifupa. Hakuna aliyemgusa mnyama wa mwenzake. Mteja akitaka simba, na mwenye simba amekwenda kwao Ukambani, aliambiwa angoje. Mtu aliweza kushika tezo akiwa kijana, akachonga twiga mpaka mvi zikamjaa kichwani, asijue hata siku moja sikio la kifaru linaanzia wapi.

Sisi wa kupiga msasa hatukuwa na mnyama. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake na watoto, nje ya banda, juu ya magunia. Mama yangu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuinuka. Tuliletewa kila kitu: twiga wa baba, vifaru, viboko, vijiko. Tulipiga msasa tukifuata mshipa wa mti, tukapaka rangi ya viatu ya kahawia, tukasugua kwa kitambaa mpaka mnyama akang'aa. Jioni tulipopenga kamasi zilitoka za rangi ya mti tulioshinda nao. Niliifanya kazi hiyo kila likizo mpaka nikamaliza shule, na sikuichukia hata kidogo, ingawa siku hizi watu hunitazama kwa huruma nikiisimulia.

Baba alikuwa na swali moja alilompimia kila mtu: "Mnyama wako ni gani?" Aliwauliza hivyo hata wasiochonga. Aliwahi kumuuliza mchungaji mpya, wiki yake ya kwanza parokiani, mchungaji akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Baba alitaka kujua mtu anafanya nini na amekifanya kwa muda gani bila kutangatanga. Kaka yangu alipopata kazi ya ukarani katika reli, baba alizunguka banda zima akitangaza, "Huyu amepata mnyama wake." Reli ikawa mnyama wa kaka, akamchonga mpaka akastaafu.

Mimi nimefanya kazi nyingi. Sisemi hivyo kwa kujigamba, wala siombi radhi.

Nilianza kama mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Tulikuwa wanawake pekee katika chumba kimoja, na kelele za mashine zilikuwa kubwa hivi kwamba tulijifunza kusemezana kwa macho. Nilipenda kwamba barua iliingia ikiwa imekwaruzwa kama kuku alipita juu yake, ikatoka imenyooka. Wakubwa wetu hawakujua tulivyowajua. Aliyegombana na mkewe asubuhi, mwandiko wake ulilala upande. Kisha kompyuta zikaja, kila mkubwa akaanza kujipigia barua zake mwenyewe, vibaya, kwa vidole viwili, na chumba chetu kikageuzwa stoo.

Nikaenda Soko la Burma. Bucha moja ya nyama choma ilikuwa inatafuta mtu wa kukaa kwenye dirisha la kupokea pesa, nyuma ya wavu, na tajiri wake, mzee mmoja mpole kutoka magharibi mwa Kenya, alisema wanawake hawampunji. Nilikaa nyuma ya wavu mpaka nikachoka kukaa. Siku moja mkataji hakuja, foleni ikafika nje, nikavaa koti jeupe lililonipita magoti na kusimama kwenye gogo. Wateja walicheka. Mmoja alisema atangoja mwanaume. Nilimwambia ngojea, nikamhudumia aliyekuwa nyuma yake.

Kilichonisumbua kule si kisu. Ilikuwa ni mikono yangu yenyewe, ambayo mama alikuwa ameifundisha kufuata mshipa. Mti usipoufuata hivyo, utaukwaruza. Nyama choma ni kinyume chake: ikishaiva lazima uikate kwa kuukatiza mshipa, la sivyo mteja atatafuna mpaka kesho. Kwa muda mrefu nilikata kama napiga msasa, na watu wa mezani wakawa wananirudishia sahani. Siku mikono ilipogeuka nilijua bila kuambiwa, kwa sababu hapakuwa na sahani iliyorudi. Niliipenda Burma. Nilipenda moshi wake na Jumamosi zake, na wanaume walioleta wakwe zao wakajifanya wanakuja hapo kila siku.

Niliondoka kwa hiari yangu, jambo ambalo hakuna aliyelielewa. Hukufukuzwa, hukugombana na mtu, unaondokaje? Nilikuwa nimehamia mtaa wa Fedha, nimepata leseni, na shule moja hapo mtaani ilitaka dereva wa kike wa basi la watoto. Nilitaka kazi yenye asubuhi. Niliendesha basi hilo mpaka watoto niliowapokea wakilia wakawa wanapanda wakiwa na sauti nzito. "Niaje, dere," waliniambia, na kila muhula walikuja na maneno mapya, yale niliyoyazoea wakasema yamezeeka. Nilijifunza kufunga breki taratibu, maana mtoto aliyelala hataki kuamshwa na paji la uso wake likigonga kiti.

Sasa hivi nafundisha ngumbaru. Ni darasa la watu wazima wasiojua kusoma, mchana, katika ukumbi wa kanisa letu la zamani Shauri Moyo. Wengi ni wafanyabiashara wa soko la Gikomba. Mama anayeuza mitumba tangu ujana wake, anayeweza kukadiria robota kwa kulipiga teke, anashika penseli kana kwamba inaweza kumuuma. Nakaa karibu naye. Mkono ukizoea, namwacha.

Kuna watu husema walijipata walipopata kazi fulani. Mimi sikuwahi kupotea. Kila nilipokwenda nilifika na mikono ileile, nikaifundisha jambo jipya, na nilikuwa na furaha, si kila siku, lakini kwa jumla. Nikilala usiku silali na kazi niliyoikosa.

Ila baba. Kila nilipohama aliniuliza, "Na sasa mnyama wako ni gani?" Aliniuliza nilipotoka mjini, akaniuliza nilipoingia Burma, mbele ya rafiki zake, wakacheka wote. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo baba huniita "mama", kama ilivyo desturi kwetu. Swali hilo alipoliuliza hakusema "mama". Kisha nilipoacha Burma akaacha kuuliza kabisa, na hilo likaniuma zaidi. Nilikuwa mtu mzima, nina nyumba na wajukuu, na bado nilitaka jambo moja kutoka kwa mzee yule: aseme kwamba nimefanya kazi. Si nzuri wala kubwa. Aseme tu kwamba nimefanya.

Mama alifariki mwaka huu, wakati wa mvua. Alikuwa amelala mchana, hakuamka.

Kwetu mtu akifa kamati hukaa nyumbani kila jioni mpaka siku ya mazishi. Viti vya kanisa vinaletwa, chai inapikwa, na mtu mwenye mwandiko mzuri anapewa kalamu. Kaka yangu alipewa kalamu. Alianza kuandika maneno ya kijitabu cha ibada: marehemu alizaliwa wapi, aliolewa na nani, aliacha watoto gani. Na kila anayejua matangazo ya vifo ya nchi hii anajua kinachofuata. Jina la mtoto haliendi peke yake. Linafuatwa na mabano, na ndani ya mabano ni mahali anapofanya kazi. Mwenye mabano mazuri hulijua hilo, na asiye nayo hulijua zaidi.

Kaka aliandika jina lake, akaweka reli ndani ya mabano, ijapokuwa amestaafu. Kisha akaninyooshea kalamu.

"Na wewe tukuweke wapi?"

Wanakamati wakanigeukia. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Niweke unavyotaka," nilisema.

"Tuseme biashara."

"Sijawahi kufanya biashara."

"Hata ile ya Burma?"

"Burma nilikuwa nimeajiriwa."

"Basi sema mwenyewe, watu walale mapema."

Nikitaja ualimu nitakuwa nimeifuta Burma. Nikitaja Burma, wale watoto wa basi je? Niliwaona wakinitazama kwa upole, upole ule wa kumhurumia asiye na kitu, na hasira ikanipanda. Nilinyanyuka nikaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Vijitabu vilifika asubuhi ya ibada, bado vina joto la mashine. Nilifungua ukurasa wa watoto. Kaka na reli yake. Chini yake jina langu lote, mabano yakafunguliwa, mabano yakafungwa. Katikati yao hamna kitu, weupe tu. Nilimvuta kaka pembeni, kando ya gari la maiti.

"Umesahau kujaza?"

"Sikusahau." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Mzee alisema iachwe hivyo."

Sikulia kwa ajili ya mama asubuhi ile. Nililia kwa ajili ya nafasi isiyozidi upana wa kidole, na nilijua hivyo hata nilipokuwa nikifuta macho.

Ibada ilikuwa katika kanisa lile lile la Shauri Moyo, kabla ya safari ya kwenda kumzika nyumbani mashambani. Msimamizi wa shughuli aliwasoma watoto kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alipomaliza reli ya kaka akafika kwangu, akasoma jina, akasema, "wa..." akasimama. Aligeuza karatasi kana kwamba jibu liko nyuma.

"Huyo ni wa Burma!" mtu akapaza sauti kutoka viti vya nyuma. Nilimtambua, tulikata naye nyama.

"Burma gani? Huyo ni dere wetu!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama mmoja wa Fedha, ambaye watoto wake wote walipita kwenye basi langu.

"Ni mwalimu," alisema mama wa mitumba, taratibu, kama anayemsahihisha mtu darasani.

Watu wakacheka, wengine wakiwa na machozi usoni. Mchungaji alikohoa. Msimamizi akasema, "Haya, tumesikia, ni wa wote," akaingia kwa wajukuu. Nilimtazama baba. Alikuwa amegeuka nusu kwenye kiti, anatafuta sauti zile zilikotoka, amekunja uso. Sikuweza kujua kama ni aibu.

Baba hakujua kusoma. Alijua namba za kwenye rula, basi. Herufi alizijua kama picha za ukutani katika nyumba ya watu. Mama ndiye aliyekuwa akimsomea, Biblia asubuhi na gazeti la jana jioni, maisha yao yote. Kwa hiyo baada ya mazishi nilianza kupita kwake kila nilipomaliza darasa, nimsomee kidogo kabla ya kurudi Fedha. Hatukuzungumza juu ya mabano. Nilisoma, akasikiliza, nikaenda zangu nikiwa na donge langu.

Siku moja nilimkuta amekiweka kijitabu cha ibada juu ya goti.

"Nisomee hiki leo."

Nilisoma maisha ya mama. Walikuwa wameandika kwamba alikuwa mama wa nyumbani. Baba akainua mkono.

"Nani kasema hivyo? Aliwapiga msasa wanyama wa banda zima, yule. Kifaru, kiboko, wote. Mimi namjua twiga tu."

"Kaka ndiye aliyeandika."

"Hakuniuliza." Alitikisa kichwa. "Endelea."

Nilisoma jina la kaka na reli yake. Nikasoma jina langu, nikaishia hapo.

"Endelea," alisema tena.

"Hakuna cha kusoma, baba. Ulisema iachwe wazi."

"Ndiyo. Nilisema."

"Kwa nini?" Nilikuwa nimelitayarisha swali hilo liwe kavu. Lilitoka likiwa limelowa.

Vidole vyake vimekakamaa siku hizi, hawezi tena kushika tezo, lakini akifikiri huvitembeza juu ya fimbo kama anatafuta mahali panapokwaruza bado.

"Kaka yako alitaka kuandika biashara. Nikasema hapana. Mti ukiwa bado una maji ndani huupaki rangi. Utang'aa leo, na kesho utapasuka ukiwa kwa mteja, na aibu ni yako uliyepaka."

"Baba, mimi ni mzee. Nimeshakauka."

"Umekauka wapi? Juzi kanisani nimesikia nyama, nimesikia basi, nimesikia shule. Mambo mengi. Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Niliuliza!" Alipiga fimbo sakafuni. "Kila mara niliuliza."

"Uliuliza mnyama."

"Sasa ningeuliza nini, mama?" alisema. "Hilo ndilo swali ninalolijua."

Sijui kama hayo ya mti na rangi aliyafikiria siku ile ya kamati au aliyatunga palepale kwenye kiti, ili ajiokoe. Nimelifikiria sana, na nimeona haijalishi. Kilichonishika ni lile la mwisho. Mtu amekuwa akinigongea mlango kwa miaka yote, kwa kitu pekee alichokuwa nacho mkononi, na mimi ndani nimesikia matusi. Na yeye naye hakusema kuwa anagonga. Niliona aibu na furaha pamoja, nikamwandalia chai.

Ndipo nikamwambia. Nilianza na chumba cha wapiga chapa na mwandiko uliolala upande. Nilipofika kwenye nyama na mshipa alinisimamisha akataka nirudie, kisha akaweka ukingo wa kiganja juu ya goti na kukata, kwa kufuata, kwa kukatiza, mpaka akaridhika. "Kumbe," alisema. "Kumbe mikono yako ilikuwa na kazi." Chai ilipoa.

Nilipoinuka kuondoka akaniomba nimwonyeshe ile nafasi ilipo. Nilikiweka kidole chake kati ya mabano. Aliipapasa karatasi kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akikagua msasa wetu.

"Ni ndogo."

"Ndogo, ndiyo."

"Huko kwako mnapokea watu wa umri gani?"

Nilimwambia hatuangalii umri.

Sasa huja darasani, fimbo mkononi, na hukaa karibu na mama wa mitumba, ambaye humwita mzee wa twiga na kumkemea akichelewa. Si mwanafunzi mwepesi. Hubisha. Amesema herufi R imechongwa vibaya na aliyeitengeneza alikuwa na haraka. Mbele ya wenzake huniita mwalimu, kwa sababu wote huniita hivyo, na tukitoka nje ninakuwa mama tena. Herufi zake ni kubwa na zote zina shingo. Nimemwambia azipunguze, akasema atazipunguza akishazijua.

Kijitabu kile hukiweka katika mfuko wa ndani wa koti. Kaka alijitolea kumjazia ile nafasi kwa kalamu, yaishe, wakakaribia kugombana. Mimi sijamwambia aandike nini, wala yeye hajaniuliza. Wiki iliyopita nilimkuta ukumbini kabla ya darasa, peke yake, amechukua penseli za watu wote na kuzipanga mbele yake. Vile vichongeo vya plastiki alikuwa amevisukuma kando. Alikuwa anazichonga kwa kisu chake mwenyewe, cha zamani cha banda, kwa vile vidole vigumu, taratibu, na maganda ya mti yalikuwa yamemjaa mapajani.

"Nafasi yenyewe ni ndogo," alisema bila kuinua kichwa. "Ncha lazima iwe kali."